Laptopu Ndogo Iliyokataa Kukua

Rolando Callisaya,
Mhariri wa Video za Harusi, Ubatizo na Ngoma za Mtaa,
El Alto.
Septemba.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi wa Vitu Vidogo "Ekeko Mkarimu",
La Paz.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba gundi na rangi bado hazijakuharibu kifua. Mimi si mtu wa kulalamika. Mke wangu Maritza atakwambia vingine, lakini yeye si mteja wenu, kwa hiyo tumwache kando.

Siku ya Alasita, gulio letu la vitu vidogo, Januari, kengele za saa sita mchana zikilia, nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda cha fundi wenu Bi Eulogia, mkononi nimeshika laptopu ya ukubwa wa kiberiti. Nilifanya kila kitu kama inavyotakiwa. Mganga aliifukizia ubani, akainyunyizia pombe na maua ya njano, akanitakia heri. Kisha nikaipeleka kanisani padri akaimwagia maji ya baraka, maana kazi ya kuhariri video haitaki kubahatisha. Nyumbani nikamtundikia Ekeko wetu, yule sanamu wa neema, mgongoni, kati ya gunia la sukari na nyumba ya ghorofa, nikamwashia sigara. Kila Ijumaa namwashia. Mimi mwenyewe nimeacha kuvuta ili zimtoshe.

Makubaliano yanajulikana na kila mtu kuanzia hapa hadi ziwani: kitu kidogo ukikinunua kwa imani, mwaka hauishi kabla kikubwa hakijaja. Sasa ni Septemba. Ekeko amevuta, laptopu haijaja. Kwa heshima zote naweka malalamiko yangu mbele yako.

1. Bidhaa yenyewe ina kasoro. Niliiangalia kwa kioo cha kukuzia nikakuta herufi zimerudiwarudiwa, na kitufe cha kufuta hakipo kabisa. Mhariri bila kitufe cha kufuta ni sawa na kinyozi bila wembe. Nilimuuliza Bi Eulogia siku ile ile, "Hii ina kumbukumbu kiasi gani?" Akanijibu huku akipokea hela, "Kiasi cha imani yako, mteja wangu." Nimeulizia kwa mafundi wa kompyuta mjini. Wote wanasema hicho si kipimo.

2. Wateja wengine wamehudumiwa kwa upendeleo wa wazi. Shemeji yangu Ruth alinunua sanduku dogo la safari, na kabla ya Pasaka alikuwa Hispania, ananitumia picha za theluji kana kwamba huku kwetu milimani hatuijui. Jirani yetu Zenobia alizawadiwa jogoo wa udongo ili apate mume. Hata Kanivali haijafika, tukamkuta mwanamume mlangoni kwake, amevaa ndala zake, anakula supu yake. Mbaya zaidi ni kaka yangu Freddy. Alinunua cheti kidogo cha uwakili, na ingawa mlango wa chuo kikuu hajawahi kuugusa hata kwa kujiegemeza, mtaa mzima sasa unamwita Daktari, kama mawakili wanavyoitwa huku kwetu, na watu wanampelekea kesi za mipaka ya viwanja. Kesi mbili ameshinda. Mimi niliyeomba chombo halali cha kazi halali ndiye niliyesahaulika.

3. Kuna kitu kimekua, ila si chenyewe. Jumanne ya Kanivali, kila mtu anapomwagia bia nyumba yake na gari lake ili vidumu, niliona si vizuri laptopu yangu ya zamani ione wivu kwa ajili ya ile ndogo. Nikaimwagia. Labda nilikuwa mkarimu kupita kiasi. Tangu hapo vitufe vinanata, feni inapiga kelele kama basi linalopanda mlima, na betri imevimba hadi mfuniko haufungi. Nasisitiza: imevimba. Yaani ule ukuaji mlioahidi ulitoka kwenu salama, ukafika nyumbani kwangu, ukaingia kwenye mashine isiyohusika. Hili ni kosa la uwasilishaji na halinihusu.

4. Mmenitia katika hali ambayo mtu mzima hawezi kuamua. Fundi wangu, kijana mwenye adabu, anasema nisinunue chochote kipya. Nibadilishe betri, niongeze kumbukumbu, nisafishe bia, mambo yataenda. Lakini fikiria, Ndugu Mwenyekiti. Nikiitengeneza ya zamani, Ekeko si ataona nimeridhika, afute oda yangu? Na nikinunua mpya kwa jasho langu, si atasema ndiye yeye aliyeileta, na ninyi mkaongeze jina langu kwenye ushuhuda wenu? Basi nimekaa. Sitengenezi, sinunui. Nimekuwa nikitazama mtandaoni watu waliovaa glavu wakifungua laptopu mpya na kuzisifia, mmoja baada ya mwingine, na kila anayefuata anasema ile ya jana imeshapitwa na wakati. Maritza anasema, "Wewe hutaki laptopu. Wewe unataka kuchagua laptopu." Nimeshakuomba tumwache kando.

5. Sasa nakuja kwenye jambo zito. Kuna wazee wawili wa mtaa wetu, Mzee Gumercindo na mkewe Mama Hortensia, ambao mwezi wa nne walifanya jubilei yao ya miaka hamsini ya ndoa, na mimi ndiye niliyepiga video. Katikati ya ngoma, Mama Hortensia alizunguka mara moja zaidi ya inavyofaa umri wake, kofia yake ikamruka kichwani, naye akacheka mdomo wazi mbele ya ukumbi mzima. Uelewe kwamba mama huyu hacheki hivyo. Meno yake ya mbele yalimtoka akiwa bado binti, na tangu hapo akicheka anajiziba kwa mkono. Mumewe anasema hata siku ya harusi yao alijiziba. Na mara hii moja alipojisahau, mzee alikuwa amempa mgongo, anapokea makreti ya bia kutoka kwa wasimamizi wa sherehe.

Watu walimsimulia. Tangu siku hiyo hakuulizia keki wala hotuba ya padri wala droni niliyoirusha juu ya paa hadi ikanasa kwenye nyaya. Anaulizia pale tu. Macho yake yana ugonjwa ambao daktari amesema hausubiri. Mwezi wa sita alinipigia simu akasema, "Mimi sikuharakishi, mwanangu. Ila macho haya ndiyo yana haraka."

Sasa mimi ni mtaalamu. Siwezi kumpa mzee kofia inayoanguka tu kama kofia. Nilitaka ianguke polepole, maua yakielea, rangi ziive, muziki ufifie, halafu kicheko kije kikubwa kioo kizima. Na kila ninapojaribu, kofia ikifika katikati ya hewa, mashine inaganda. Kofia ya Mama Hortensia imening'inia hewani tangu mwezi wa tano, Ndugu Mwenyekiti, na aliyeining'iniza ni Bi Eulogia wenu.

6. Sigara nazo. Nataka kujua kama kuna aina anayoipenda zaidi, na kwa nini hatukuambiwa.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba chama chako kifanye yafuatayo bila kuchelewa. Nipewe laptopu ndogo nyingine, yenye kitufe cha kufuta na kumbukumbu ya kutosha, iliyopakwa rangi na fundi ambaye amewahi kuiona kompyuta angalau mara moja. Iambatane na hati ndogo ya dhamana. Viongozi wa chama waje kwangu wakazungumze na Ekeko ana kwa ana, maana mimi ameshanizoea. Cheti cha Freddy kichunguzwe. Na mpaka hapo mtakapojibu, isionekane kwamba mimi ndiye ninayemchelewesha Mzee Gumercindo. Nimemwambia hivyo mwenyewe kwa simu: tatizo ni la mashine, na mashine ni ya chama. Akanijibu, "Pole sana, mwanangu, usijisumbue." Unaona ni mzee wa namna gani. Mzee kama huyo ninyi mnamfanyia hivi.

Nisalimie mafundi wote wa chama, wa nyumba, wa magari, wa magunia ya mchele na wa pasipoti. Msalimie padri ukimwona. Msalimie pia Bi Eulogia, ila kwa ubaridi.

Wako katika kungoja,
Rolando Callisaya

Tanbihi. Barua hii imenichukua siku kadhaa kuiandika kwa mkono, kwa ajili ya vile vitufe vinavyonata. Leo nilipoinua kichwa nikakuta Maritza amekaa mbele ya laptopu ya zamani. Nilipomuuliza anafanya nini akasema, "Si ulikuwa huitumii? Ulikuwa unalalamika." Alikuwa ameuondoa ule mwendo wa polepole, ameondoa droni, amepanga vipande kama vilivyotokea. Kofia inaanguka, mama anacheka, basi. Mashine ilimaliza kabla supu haijachemka. Hata feni ilinyamaza. Nililonalo la kusema juu ya hilo silisemi kwenye barua rasmi.

Tukaenda kwao jioni hii hii. Mzee Gumercindo alikuwa amevaa suti yake ya jubilei. Niliweka laptopu juu ya meza ndogo kushoto kwake, kwa kuwa ndipo penye soketi, tukatazama mpaka mwisho. Akasema, "Picha safi sana, mwanangu. Hii ni mashine mpya, inajulikana." Nilifurahi, nakiri. Nilifurahi kwa muda mrefu kiasi, kabla sijagundua kwamba mzee alikuwa ameelekeza uso kabatini muda wote. Mama Hortensia alikuwa ameweka mkono juu ya goti la mumewe na kumnong'oneza, sasa wanakata keki, sasa tunacheza, sasa kofia inaanguka. Mzee akamuuliza, "Na wewe unacheka?" Akamjibu kwamba anacheka. Na kweli alikuwa anacheka, hapo pembeni yake, mkono mdomoni.

Mama Hortensia alipotusindikiza mlangoni akatuambia macho ya mzee yalikwisha kabisa mwezi wa nane, siku za sikukuu ya bendera. Mzee alimkataza asituambie, nisije nikajisikia vibaya.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote hapo juu yafutwe, kuanzia la kwanza hadi lile la sigara. Laptopu ndogo mbaki nayo. Ninalo swali moja tu, na ningeshukuru Bi Eulogia akilijibu yeye mwenyewe. Kati ya mafundi wenu, yupo anayetengeneza macho? Jozi moja inatosha, ya ukubwa wowote. Januari nitakuja kabla ya kengele, na ya kumbukumbu sitauliza.