Mwombaji Namba Saba

Ndugu zangu wa chumba namba kumi na moja, leo nimejiaibisha Garissa nzima ikiangalia. Si utani. Naandika mbio, ndiyo maana mwandiko umelala hivi. Nawaandikia sasa hivi, kabla sijapata akili ya kunyamaza.

(Na wewe bwana unayefungua barua za watu kabla hazijapanda lori, asalaam aleikum. Soma kwa raha zako. Siri hakuna humu, ni aibu tupu.)

Mnajua nilirudi nyumbani likizo kichwa kimevimba. Mwaka mmoja wa kusomea uendeshaji wa biashara na usimamizi wa wafanyakazi, nikajiona mimi ndiye niliyevumbua kazi. Lile daftari langu la jalada jekundu natembea nalo mpaka sokoni. Mama yangu ananunua nyama, mimi namweleza muuza nyama jinsi ya kupanga wafanyakazi wake kwa zamu. Muuza nyama yuko peke yake!

Sasa sikieni. Wiki iliyopita afisa wa maji, bwana mmoja aliyeletwa huku kutoka upande wa Nairobi, alitangaza anataka mlinzi wa mashine ya kuvuta maji mtoni. Mlinzi mmoja tu. Najua mtasema, mlinzi ni kitu gani. Ngojeni. Kwa sababu ya vita hivi vya serikali na shifta, waasi wa porini, watu wa malishoni wamekusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Kutoka ni kwa pasi, na saa kumi na moja jioni lazima uwe umerudi ndani. Lakini mtu akipata kazi ya serikali anapewa pasi ya kukaa mjini, yeye, mkewe na watoto wake. Kwa hiyo aliyekuwa anaomba ulinzi alikuwa anaomba kutoka.

Siku zote afisa alikuwa anawaita wazee wawili watatu, wanamwambia mchukue fulani, nyumba yake ina shida, naye anamchukua. Yakaisha. Mimi nikaingia ofisini kwake na daftari langu. (Hakuna aliyeniita. Hilo mlikumbuke.)

"Bwana, hiyo ni njia ya upendeleo," nikamwambia. "Kila mzee atakuletea mtu wa ukoo wake. Kuna njia ya kisasa, ya haki."

Akanitazama kutoka miguuni mpaka kichwani. "Wewe unaijua?"

"Ndiyo ninayosomea, bwana."

"Basi njoo Jumanne uifanye wewe."

Leo ndiyo Jumanne.

Saa mbili asubuhi meza iko barazani pa ofisi. Nimevaa tai. (Kwa joto hili! Tai!) Nimekaa mimi, afisa amekaa kando yangu, na mbele yetu wamesimama waombaji tisa. Viti vilikuwa viwili tu. Nikawasomea masharti niliyoyaandika mwenyewe, nimeyapigia mistari kwa rula. Kila mtu ataitwa kwa namba. Mahojiano ni kwa Kiswahili, ili afisa asikie. Fomu ina nafasi ya majina mawili, la kwanza na la pili, basi. Ndugu wa anayehoji asipewe kazi. Na jambo kubwa kuliko yote: hakuna kuulizana ukoo.

Hapo watu wakanung'unika, na walikuwa na haki. Kwetu wawili wakikutana, hata njiani, swali la kwanza ni wewe mtoto wa nani. Unataja baba, babu, baba wa babu, unapanda hivyo hivyo mpaka mjue mnakutana wapi. Mtoto wa miaka sita anataja majina kumi bila kupumua. Ndivyo watu wanavyofahamiana. Nami nikapiga marufuku, kwa wino wa buluu.

"Sasa utatujuaje?" mmoja akauliza.

"Kwa sifa zenu," nikamjibu. Nikajisikia vizuri sana. Nilitamani mwalimu wetu angekuwepo.

Tukaanza. Wa kwanza na wa pili walipita. Wa tatu nikamuuliza anwani.

"Anwani ni nini?"

"Mahali unapokaa."

"Ndani ya seng'enge."

"Mtaa gani?"

Afisa akakohoa. Haki ya Mungu niliuliza mtaa.

Akaja namba saba. Mzee mrefu, mwembamba, ndevu za hina iliyokwisha rangi, ameegemea fimbo. Akaanza kama wazee wanavyoanza: "Asalaam aleikum. Habari ya nyumba? Mfua nanyesha huko?"

"Wa aleikum salaam. Jina la kwanza?"

"Hasan."

"La pili?"

"Abdi." Akafungua mdomo aendelee. Nikainua kalamu.

"Yanatosha, mzee."

(Hasan Abdi! Simama sokoni Garissa uite Hasan Abdi, nusu ya soko itageuka. Nami nikaandika, nikaridhika.)

"Una uzoefu gani wa ulinzi?"

"Ngamia. Miaka arubaini. Simba nakuja, mimi iko. Fisi nakuja, mimi iko."

"Una barua ya aliyekuajiri?"

Mzee akafikiri kidogo. "Ngamia hapana andika."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, mtu wa kazi hacheki. Nikaandika sifuri.

"Kwa nini uliacha kazi hiyo?"

"Mimi hapana acha. Ngamia nachukuliwa."

"Na nani?"

Akamtazama afisa. Afisa akatazama viatu vyake. Baraza zima lilikuwa linajua jibu, isipokuwa msomi. Msomi akaandika: *Hakujibu swali.*

Halafu nikauliza lile swali la ukurasa wa kumi na nne wa kitabu chetu cha darasa. Mnalikumbuka. "Taja udhaifu wako mmoja."

Jamani. Mzee wa Kisomali, mbele za watu, umwambie ataje udhaifu wake! Nikadhani hajaelewa, nikamtafsiria kwa Kisomali, tena kwa sauti. Nikasikia "Subhanallah" kutoka nyuma. Mzee akahamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Udhaifu yangu? Leo naomba kazi kwa mtoto."

Nikaandika: *Hana heshima kwa wakubwa.*

"Na baada ya miaka mitano unajiona uko wapi?"

"Miaka mitano?" Akaangalia jua. "Mimi saa kumi na moja narudi seng'enge. Hiyo tu najua."

*Hana malengo.* Alama sita kati ya hamsini. Nikamwambia asante, ajaye.

Namba tisa ndiye alikuwa raha yangu. Shati limepigwa pasi. Aliwahi kuwa mpishi wa askari, ana barua tatu za sifa, ana sanduku la posta. Nilipomuuliza udhaifu wake alisema, "Bwana, mimi nafanya kazi kupita kiasi." Nilikaribia kumkumbatia. Alama arobaini na saba! Nikasimama nikatangaza matokeo, afisa akampa mkono.

Sauti moja ikasema, "Lakini huyo anakaa hapo nyuma ya soko miaka yote. Pasi ya mji anayo."

Mnajua nilijibu nini? "Hilo halikuwa swali kwenye fomu."

Watu wakaanza kuondoka. Namba saba hakuondoka. Akasogea mpaka mezani, akaacha Kiswahili, akasema kwa Kisomali. Na huyu mzee ambaye nusu saa iliyopita nilimwona hajui kupanga maneno, kwa lugha yake alikuwa anasema taratibu, kila neno mahali pake, mpaka waliokuwa wanaondoka wakasimama.

"Kijana, umeniuliza, nimejibu yote. Sasa zamu yangu. Wewe mtoto wa nani?"

Hilo hukatai. Hata ukiwa na tai hukatai. Nikakaa vizuri kwenye kiti, nikataja, baba na babu na kuendelea, majina kumi na mawili bila kukwama. Angalau mtihani huu naujua!

Akatikisa kichwa. "Hao nawasikia. Na mama yako?"

"Halima."

"Halima wa nani?"

"Halima Abdi Shirwa Gedi..." Nikaona midomo ya mzee inakwenda pamoja na yangu. Nilipoishia mimi, yeye akaendelea mbele majina mawili ambayo hata siyajui. Kisha akasema: "Mimi ni Hasan Abdi Shirwa Gedi."

Abti Hasan. Mjomba wangu, ndugu wa pekee wa mama yangu. Zaidi ya mwaka mama anasimamisha malori, anauliza kila mchungaji anayetoka Bura au Diff, umemwona Hasan, umemsikia Hasan. Wako waliomwambia amekufa porini. Mimi mara ya mwisho nilimwona nikiwa na miaka sita, kabla ya shule za bweni, alikuwa mtu mnene, ndevu nyeusi, aliyeninyanyua kwa mkono mmoja akaniweka juu ya ngamia. Kwetu abti akiingia, unasimama, unampisha. Na mimi asubuhi nzima nimemkalia kwenye kiti, yeye amesimama, namuuliza udhaifu wake!

Mmoja akasema, "La ilaha illallah." Halafu wakaanza kucheka. Wote! Mama mmoja muuza maziwa alicheka mpaka akaweka kibuyu chini asimwage. Yule mwombaji wa tatu, niliyemuuliza mtaa, akapaza sauti: "Sasa amemjua kwa sifa zake!"

Nikamkimbilia afisa. "Bwana, kuna kosa kwenye alama."

"Kosa gani?"

"Namba saba. Ana uzoefu mkubwa sana."

"Umeujua sasa hivi?"

"Ni... ni mjomba wangu."

Afisa hakucheka. Akachukua karatasi yangu ya masharti, akasoma mbele ya watu, polepole: "'Ndugu wa anayehoji asipewe kazi.' Huu si mwandiko wako?"

Ni wangu. Nimeupigia mstari mara mbili.

"Ungeniacha na wazee wangu," akasema, "wangeniambia kuna mtu ana watoto wanne ndani ya seng'enge. Ningemchukua. Sasa nimekwisha kumpa mkono mwenzake mbele ya watu wote." Akaingia ofisini. Nikabaki barazani na tai yangu.

Nilimpeleka abti nyumbani. Mama alipomwona alipiga ukelele mpaka majirani wakatoka wakidhani ni msiba. Alimshika uso, alimshika mabega, alilia, akacheka, akaanza kupika huku analia. Tulikuwa na saa chache tu kabla ya pasi yake kuisha.

"Mmekutana wapi?" mama akauliza.

Nikaangalia mkeka. Abti akajibu yeye: "Alikuwa amekaa na wakubwa, anauliza watu maswali. Maswali mazuri sana, Halima. Mtoto amesoma."

Alinifichia! Mimi niliyemwandikia hana heshima. Mama akanigeukia na uso ule wa siku nilipopata barua ya chuo. "Alhamdulillahi! Basi kazi umeipata, Hasan. Watoto tutawalaza hapa, nyumba inatosha. Unahamia lini?"

Abti akanywa chai. Akanywa tena. Kikombe kilikuwa kitupu, nilikiona.

"Yusuf?" mama akaniita.

"Amepata mpishi, hooyo," nikasema.

Ikabidi nimweleze yote. Namba, majina mawili, karatasi, mstari mara mbili. Chakula alichopika mama kililiwa na abti peke yake, tena kidogo, kingine alifungiwa awapelekee watoto.

Nilimsindikiza hadi kwenye lango la kijiji, ambako kumbe yeye na watu wake wameletwa mwezi huu tu. Mkewe alikuwa amesimama upande wa ndani na watoto wanne, wamekaa chonjo tangu mchana, wamekwisha kufunga mizigo. Walikuwa wamesikia kazi inatolewa mjini, wakawa na hakika, maana nani Garissa anajua kulinda kuliko baba yao? Abti akaniambia bila kunitazama:

"Ile karatasi yako, pale kwenye udhaifu. Rudi uandike, ana mpwa msomi."

Akaingia. Askari akafunga lango. Nikaona mkewe anaanza kufungua mizigo.

Nimerudi nyumbani, jua linazama. Mama amekaa palepale, vyombo hajaviondoa. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia, nimezoea. Ameniuliza swali moja tu:

"Huko Nairobi, hasa mnasomea nini?"

Nikamwambia, "Kusimamia watu, hooyo."

Hakucheka. Nawaombeni, na ninyi msicheke.