Kinundu cha Pindo

Jumatatu, 9 Juni

Mke wangu kaondoka asubuhi. Kaenda kumsaidia dada yake aliyejifungua, atarudi Jumapili. Siku sita nzima! Nitavua viatu popote nitakapo.

Ila kaniachia Pindo. Mbwa ni wake, si wangu. Alimwokota akiwa mdogo wa kuenea kwenye kapu la vitambaa, akawa analala juu ya pindo za suruali za wateja, jina likatoka hapo. Mimi na Pindo tunaheshimiana kwa mbali tangu alipotafuna futi yangu ya kupimia, miaka sita iliyopita. Alikula sentimita mbili za mwanzo, zote. Nikakata pale palipobaki vizuri, nikaendelea na kazi. Fundi wa kweli hatupi futi kwa ajili ya sentimita mbili! Ikisoma tisini, najua ni themanini na nane. Mkono umeshazoea kutoa. Wateja hawajui, na hawana haja ya kujua.

Kaniachia na daftari pia. Juu kaandika DAFTARI LA PINDO. Nimesoma ukurasa wa kwanza: maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Ebo! Mimi, na miaka yangu hamsini na nane, nafundishwa kumwekea mbwa maji? Nimelifunga. Meza ya cherehani ya nyumbani ilikuwa inayumba, nikalisukuma chini ya mguu wake. Limekaa kana kwamba limepimwa. Angalau limepata kazi.

Jumanne, 10 Juni

Balaa.

Mke wangu kapiga simu saa mbili asubuhi. Pindo kala nini? Pindo kalala wapi? Pindo kachanwa manyoya? Habari zangu hakuuliza, nadhani alipitiwa. Nikajibu vizuri kwa yote. Kisha nikaenda kumchana haraka, maana sipendi uongo wangu ukae muda mrefu.

Ubavu wa kushoto chanuo likakwama. Nikapapasa. Kuna kitu! Kinundu chini ya ngozi, ukikibonyeza kinateleza, na manyoya juu yake yamepungua. Moyo ukanilipuka. Jana nimekabidhiwa mbwa mzima, leo ana uvimbe! Nani ataamini sikumfanya kitu?

Nimechukua futi ya mke wangu droo ya jikoni, ile mpya anayopimia mapazia. Sentimita mbili. Nimeandika kwa chaki ndani ya mlango wa kabati.

Nimeamua hivi: mke wangu asijue, na kinundu kiondoke kabla ya Jumapili. Namna ya kukiondoa sijui bado, ila nimeshaamua, na hilo nalo ni jambo.

Daktari wa wanyama yuko mtaa wa pili. Tatizo ni kwamba alisoma darasa moja na mke wangu. Neno likimwingia sikioni, kwa mke wangu linafika kabla sijavuka barabara. Kwa hiyo nimekwenda bila mbwa. Nimemwambia nina mteja, mteja huyo ana mbwa, na mbwa wa mteja ana kinundu. Akauliza mbwa wa mteja ana rangi gani. Nikasema sikumwangalia vizuri. Akanitazama shati, limejaa manyoya ya kahawia kuanzia kola mpaka tumboni. Akasema haya shemeji, mwambie huyo mteja amlete tumpapase, hatauma mtu. Nikasema ujumbe utafika.

Nimetoka pale najipongeza. Hakushuku hata chembe!

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda na Pindo kibandani kwangu ninakoshonea ili nimwangalie. Kosa kubwa. Ng'ambo ya barabara yupo fundi mwenzangu tunayemwita Bwana Mitindo, mtu mwenye masanamu mawili ya nguo, moja halina kichwa, na anajiona kamaliza ufundi wote duniani. Akavuka kuja kuuliza tangu lini nimefungua zizi. Macho yake yanazunguka tu mwilini mwa mbwa. Yule akiona kinundu, mtaa mzima utakiona.

Nikapata wazo. Koti! Nimetoa kipande cha kitambaa kizito cha kijivu kilichobaki kwenye suti ya mwalimu mkuu, nikamshonea Pindo koti la kufunika mbavu zote. Mara ya kwanza lilibana pale penye kinundu, akaguna. Nikafumua. Nikaacha nafasi upande wa kushoto, kitambaa kikatuna kidogo, nikapigia mshono mara mbili. Kazi safi mno! Pindo kasimama ametulia, mbwa wa heshima zake.

Nilipokuwa namjaribisha nikakipima tena kinundu kwa futi yangu ya shingoni. Nne.

Nne! Jana mbili, leo nne! Nikapima upya. Nne. Nimekaa kwenye kiti cha wateja. Pindo akaja akaweka kidevu juu ya kiatu changu. Hajui lolote, maskini.

Jioni mke wangu kapiga. Kauliza Pindo yuko wapi, nikaropoka yupo, amevaa koti. Akauliza mbwa kavalia nini koti kwenye joto lote hili. Nikasema huku kuna upepo.

Alhamisi, 12 Juni

Mwalimu mkuu kaja kugomba. Suruali yake mpya inafagia sakafu. Nimeangalia: ndefu kwa sentimita mbili kamili. Nilisahau kutoa. Akili haipo kabisa wiki hii. Nimempandishia pindo akisubiri, kaondoka bila kuaga.

Nikampima Pindo. Nne. Afadhali, leo hakijaongezeka.

Mchana nikakumbuka watu husema sunzua, kile kinyama kinachoota kwenye ngozi, ukiifunga uzi kwa nguvu inakatika yenyewe. Na uzi ndio mali yangu! Nimechagua ule mgumu wa kushonea vifungo, nikaukunja mara mbili, nikaupaka nta. Nikamwita. Akaja mbio, akalala ubavu mwenyewe, akanyanyua na mguu ili nifike vizuri. Kisha akatulia, ananitazama tu.

Miaka thelathini na mitatu nashona. Leo ni fundo moja tu la uzi! Nimeshindwa. Nimeurudisha uzi kwenye kibiringo na kumwomba radhi, kwa sauti, peke yangu kibandani.

Nimefunga mapema tukaenda kutembea. Muuza nyama kamsalimu Pindo. Mama wa maua kamsalimu Pindo. Kinyozi katoka nje na kitambaa cha mteja begani kumsalimu Pindo. Nimekaa mtaa huu miaka ishirini, na leo ndiyo nimejulikana: mimi ni yule anayetembea na Pindo.

Nampenda huyu mbwa. Haya, nimesema. Naandika hapa kwa sababu hapasomwi na mtu.

Ijumaa, 13 Juni

Mwizi! Mwizi wa mchana kweupe!

Bwana Mitindo kalivalisha lile sanamu lisilo na kichwa koti la mbwa. Jekundu. Nimevuka barabara na chaki sikioni. Ni koti langu lile lile, kola ile ile, na ubavu wa kushoto pametuna! Kaiga mpaka nafasi ya uvimbe! Na mshono mara mbili juu yake! Nimemsikia kwa masikio yangu akimweleza mteja kwamba ule mtuno ndio mtindo wenyewe, unampa mbwa nafasi ya kupumua.

Kufika adhuhuri mbwa wa muuza nyama amepita amevaa. Halafu wa kinyozi. Wote wametuna kushoto, ndani hamna kitu, kitambaa kinapigapiga kila wakipiga hatua. Nilitaka kupiga kelele kwamba ile ni nafasi ya ugonjwa, si mtindo! Lakini nikisema, mke wangu atajua. Nikameza.

Na nikasahau yote hayo, maana Pindo hakula. Nimemwekea sahani, kageuza uso. Nimemlisha kwa mkono, kalamba kidole tu, kwa adabu. Anahema.

Watoto wetu walipohama, mke wangu aliniambia nyumba imekuwa kimya mno, ila anasikia hatua za Pindo ukumbini na moyo unatulia. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano. Nikasema mmh. Leo nimezisikia hizo hatua siku nzima nyuma yangu, kucha zikigonga sakafu, kokote niendako. Zikinyamaza je? Nitamwambia nini Jumapili? Nami nitasikiliza nini?

Potelea mbali siri. Kesho tunaenda kwa daktari.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemwambia daktari yote. Kwamba mteja ni mimi. Kwamba kinundu kiliota Jumanne kikiwa na sentimita mbili na sasa ni nne. Nikamwomba aniambie ukweli hata kama ni mbaya. Nikafuta macho, nikasingizia vumbi.

Alinawa mikono, akamvua Pindo koti, akapapasa. Kisha akafungua jalada lake. Shemeji, akasema, hiki ni kinundu cha mafuta, tunakijua huu mwaka wa pili. Mbwa wenye umri wanaota hivi. Alishachukua sampuli kwa sindano akaipima, hakina ubaya wowote. Kila mwezi yeye na mke wangu wanakipima, na kila mwezi ni sentimita mbili.

Nikamwambia hizo zilikuwa za Jumanne. Akachukua kile kipimo chake cha chuma chenye taya. Mbili. Nikamwambia kwa heshima zote kipimo chake kimechoka. Nikavua futi yangu shingoni, nikapima mbele yake. Nne! Nikamwonyesha kwa kidole!

Akaishika ile ncha ya futi. Akaiangalia muda mrefu. Akaniuliza kwa upole: shemeji, namba moja iko wapi?

Nikasema Pindo aliila. Pindo aliposikia jina lake akatikisa mkia.

Nikauliza, na kula je? Akanyanyua koti, akalipima uzito mkononi, akasema hata yeye angevalishwa suti kwenye joto hili asingekula. Kweli, Pindo alikwishamaliza bakuli la maji na alikuwa anatafuta la pili. Akala na mkate wa daktari.

Tukiwa tunatoka akashangaa kwa nini sikusoma daftari. Ukurasa wa tatu, alisaidia kuuandika yeye mwenyewe: ubavuni kushoto ana kinundu cha mafuta, usishtuke. Nikamwambia daftari lilikuwa linatumika.

Tumerudi nyumbani polepole. Sijawahi kupenda hatua za mtu njiani kiasi kile.

Jumapili, 15 Juni

Karudi. Pindo kamrukia, mimi nimebeba mizigo. Nikaanza kuungama tu, akasema anajua. Daktari alimpigia Jumanne, nikiwa bado nimesimama kando ya barabara nasubiri magari yapite.

Nimekasirika. Kwa nini hakuniambia? Wiki nzima nimekonda! Akanijibu bila haraka, huku anakunjua kanga zake, kwamba miaka sita amesubiri nimchane huyo mbwa walau mara moja. Alipoona naanza, hakutaka kuniharibia.

Hasira ikakosa pa kukaa.

Kanivalisha shingoni futi mpya ya jikoni, ile yangu kaitupa kwenye pipa. Nikamwahidi mambo matatu: futi nzima, hakuna kufichana, na kitu kikiandikwa nitakisoma mpaka mwisho. Akatikisa kichwa, akaenda kupika. Nikala, nikalala usingizi mzito wa mchana. Pindo kalala miguuni pangu, si pake. Nimeandika ili ijulikane.

Jumatatu, 16 Juni

Futi mpya ngumu. Haijui shingo yangu. Nimeitoa ile ya zamani kwenye pipa, nimeifuta vizuri. Mke wangu hajaona.

Meza inayumba tena tangu jana mke wangu alipolitoa daftari pale chini. Nimelichukua nilirudishe. Lakini ahadi ni ahadi, nikalisoma kwanza mpaka mwisho. Maji, chanuo, kinundu, usishtuke. Kumbe ukurasa wa mwisho kabisa haumhusu Pindo. Kaandika: Mzee. Kinundu nyuma ya sikio la kulia, laini, kinateleza, daktari kasema ni mafuta. Chini yake tarehe, safu nzima, kila mwezi, miaka mitatu! Ananipima nikilala mchana! Moja, moja, moja, moja, mpaka chini. Ya mwisho ni ya jana: Moja. Asiambiwe, atajishonea koti.

Miaka mitatu, na sikuwahi kuamka hata mara moja. Kumbe ana mkono mwepesi kiasi hicho.

Kisha nikapeleka kidole nyuma ya sikio. Kipo! Nikasogea kwenye kioo, nikaivua futi shingoni, nikapima.

Tatu!

Jana moja, leo tatu! Na yeye ndiyo kwanza karudi, anaimba jikoni, sitamwambia, ataumia bure. Nimekuja kibandani, nimeshakata shati. Kola ndefu, ya kufika masikioni, na upande wa kulia nimeacha nafasi, itune kidogo. Mshono mara mbili.

Bwana Mitindo keshasimama mlangoni kwake, anaangalia huku, chaki mkononi.