Marehemu Aliyepiga Simu Kulalamika

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeandika makala bora kuliko zote za maisha yangu. Ukurasa wangu gazetini, ule wa burudani za zamani za mji huu, ulikuwa mtupu, na mhariri ameshanionya kwamba akikuta pengo tena atalijaza matokeo ya mpira. Mpira ni wa Filimbi, mwandishi wa michezo, anayekaa meza ya jirani na kutafuna kalamu huku akiniangalia kama fisi aliyeona mbuzi anachechemea.

Nikaenda kunyolewa nipate wazo. Kinyozi akashusha pumzi, akasema Koo la Shaba ametuacha. Koo la Shaba! Mwimbaji aliyejaza ukumbi wa sinema miaka thelathini iliyopita hadi mlango ukang'oka bawaba. Nilitoka mbio. Nusu ya kichwa bado haijanyolewa.

Nimeandika kwamba nilikuwa kando ya kitanda chake. Kwamba alinishika mkono akasema, wasinisahau. Wimbo wake maarufu niliukumbuka beti mbili tu, zikaonekana chache, nikaongeza wa tatu. Filimbi akauliza ni hospitali gani. Nikamjibu kwamba familia imeomba faragha. Mhariri amefuta machozi na kuipeleka makala ukurasa wa mbele.

Jumanne, 4 Juni

Siku ya utukufu, hadi saa nane mchana.

Asubuhi mama mkwe, ambaye tunaishi naye na ambaye kwa miaka sita amekuwa akiniita "huyo", alilia juu ya gazeti na kusema kumbe huyo anajua kuandika. Redio zinapiga nyimbo za marehemu mfululizo. Mhariri ametangaza kumbukumbu Jumamosi, kwenye ukumbi uleule wa sinema, ambao sasa ni ghala la magodoro.

Saa nane simu ya mezani ikalia. Sauti ya mzee, ya upole. Akasema makala ni nzuri ila ina makosa mawili. La kwanza, wimbo una beti mbili. La pili, yeye hajafa. Nikajua ni Filimbi. Nikamwambia afie mbali, nikakata simu. Nikageuka. Filimbi alikuwa mezani pake anamenya ndizi.



Jumatano, 5 Juni

Amekuja ofisini. Koti limepigwa pasi, gazeti liko kwapani, mikono inanuka mafuta ya mashine. Miaka yote hii anatengeneza vyerehani nyuma ya soko. Nikamwingiza stoo ya magazeti ya zamani kabla mtu hajamwona, nikakimbia kwa kinyozi. Kinyozi akashangaa. Yeye alisema ametuacha, maana yake amehamia kwa binti yake ng'ambo ya mji na siku hizi ananyolewa huko. Kwani mimi nilielewaje?

Nikarudi stoo nikapiga magoti. Nikamweleza mzee kwamba Jumapili nitaandika nilipotoshwa, lakini Jumamosi imekaribia na magodoro yameshahamishwa. Nikamwomba abaki amekufa siku tatu tu. Alifuta vumbi kwenye gazeti lenye picha yake ya ujana.

"Mwanangu," akasema, "nikiwa hai, redio haijanipiga miaka kumi na minane. Tangu jana wamenipiga mara arobaini. Nimehesabu."

Amekubali, kwa masharti mawili. Aruhusiwe kuhudhuria. Na ule ubeti wa tatu usiimbwe, maana ni mbaya. Nimekubali yote. Ubeti si mbaya kiasi hicho.

Alhamisi, 6 Juni

Sijala. Filimbi anapigia hospitali simu moja baada ya nyingine, kwa sauti ya juu, ili nisikie.

Mama mkwe naye anataka kwenda kutoa pole msibani. Nikamwambia familia haipokei watu. Akasema mtu aliyeshikwa mkono na marehemu hawezi kukosa kujua nyumba. Kwa kubanwa nikamtajia mtaa wa mbali, mtaa wowote, nikitumaini atachoka njiani. Alirudi jioni ameridhika. Alikuta msiba kweli, akalia na wafiwa, wakampa kiti cha mbele. Ila amesema jambo moja limemtatiza: marehemu wa pale alikuwa mwanamke.

Mke wangu ananitazama sana. Nimejifanya nasoma bili ya maji.

Ijumaa, 7 Juni

Marehemu hana nidhamu. Nilimwachia kofia na miwani myeusi, nikamwomba asitoke kwa binti yake. Leo amepiga simu redioni kuomba wimbo wake mwenyewe. Mtangazaji akasema hewani kwamba sauti yake inafanana mno na ya hayati. Akajibu kwamba wengi humwambia hivyo. Nilikuwa ofisini, redio iko wazi, Filimbi kaacha kutafuna.

Nimeandika hotuba ya kesho mara nne na kila mara kisa cha kitandani kinazidi kuwa kirefu.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike upesi kabla sijakosa ujasiri.

Ukumbi ulijaa. Mama mkwe mstari wa mbele. Mzee mstari wa mwisho, kofia hadi puani. Nilisoma hotuba, watu wakalia, na kwa dakika moja hata mimi niliamini nilikuwepo. Kisha kijana wa bendi akaanza ule wimbo. Ubeti wa kwanza, vizuri. Wa pili, vizuri. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimewaambia bendi chochote.

Aliimba ubeti wangu wa tatu, alioutoa gazetini, neno kwa neno. Nyuma kiti kikaburuzwa. Sauti kavu, iliyochakaa, ikaanza upya ubeti wa pili, polepole, jinsi unavyotakiwa. Bendi ikanyamaza. Mama mkwe akasimama bila kugeuka, akasema kwa utulivu kwamba sauti hiyo aliisikia ukumbini humu akiwa na miaka ishirini, na hakuna mwingine mwenye nayo. Ndipo watu wakaanza kukanyagana. Mpiga ngoma aliruka dirishani.

Mzee akavua kofia, akatembea hadi jukwaani, akamaliza wimbo. Sehemu ya juu hakuifikia. Ukumbi mzima ukaimba, ukamfikishia.

Nilikuwa nimeufikia mlango wakati Filimbi aliposhika kipaza sauti na kumuuliza kama ni kweli nilikaa kando ya kitanda chake.

"Hapana," mzee akasema. "Huyu sikumjua hadi Jumatano. Ila katika mji huu ndiye pekee aliyeulizia habari zangu. Bahati mbaya aliulizia kwa kinyozi."

Kicheko. Bado nakisikia.

Jumatatu, 10 Juni

Mzee amealikwa kuimba kila Ijumaa, na mama mkwe ameshampelekea cherehani ambacho hakijawahi kuharibika. Mimi nimerudi kuwa "huyo". Mhariri amempa Filimbi ukurasa wangu na kunihamishia safu ya nyota, akisema huko angalau hakuna marehemu atakayepiga simu. Akaniomba niandike kwa unyenyekevu, nitumie nafasi hii kujifunza.

Nimeanza kazi papo hapo. Filimbi ni Nge: wiki hii aepuke ukurasa wowote usio wake, la sivyo atateguka kiuno. Mhariri ni Simba: kuna mfanyakazi aliyemdhulumu, amrudishie cheo kabla ya mwezi kuandama.

Mama mkwe sijui alizaliwa lini. Nimemuuliza mke wangu. Amefurahi, anadhani nataka kumnunulia mama yake zawadi. Ni Mizani. Nyota yake inaonyesha safari. Ndefu, ya peke yake, na aianze kesho asubuhi.