Jinsi Nilivyoushinda Mwamba wa Kidi Rateng'

Jumatano, 3 Agosti 1966

Tumefika Lambwe salama juu ya lori la pamba. Tuko watatu: mimi Cephas Mokaya, karani wa ghala, Maurice, karani mwenzangu, na Mwalimu Dolphine. Likizo ya kupanda miamba! Maurice ndiye aliyesema twende kwa shangazi yake. Lakini habari ya miamba niliitoa mimi, kwa hiyo safari ni yangu.

Mwezi wa sita nilimwambia Dolphine kwamba nimewahi kupanda Mlima Kenya. Kuuona nimeuona. Kwenye kalenda ya ofisi.

Mpango ni huu. Nyuma ya boma kuna mwamba mrefu mweusi, wenyewe wanauita Kidi Rateng'. Jumapili nitampandisha Dolphine hadi juu na huko nitamwomba awe mke wangu. Maurice atabaki chini ameshika kamba. Mtu aliye juu ya jiwe refu hawezi kuondoka katikati ya mazungumzo.

Vifaa: kamba ya kufungia marobota ya pamba, na njumu zangu za kuchezea mpira.

Shangazi, Mama Filister, alimkagua Dolphine toka kichwani hadi miguuni. Akamuuliza kwao wapi. Rangwe. Anasali wapi. Katoliki. Mama akaenda kukoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu. Ni Msabato wa kweli huyu mama. Mimi hakuniuliza lolote. Nadhani aliniamini mara moja.

Alhamisi, 4 Agosti

Mazoezi kwenye mawe madogo. Nimeanguka mara tatu. Ya kwanza kutoka kimo cha mbuzi. Ya pili kutoka kimo cha ng'ombe. Ya tatu juu ya mbuzi.

Nilimweleza Dolphine kwamba wataalamu huanza kwa kujifunza kuanguka. Akauliza kama somo hilo limekwisha. Akavua viatu, akafunga leso kiunoni, akalipanda jiwe kubwa kama mjusi. Nikamwambia mtindo wake una kasoro. Akauliza kasoro gani, akiwa juu. Nikasema nitamwonyesha baadaye.

Njumu zinateleza. Lakini siwezi kuzivua, maana soksi zangu ni matundu matupu.

Maurice hakufanya mazoezi kabisa. Alishinda jikoni akibishana na shangazi yake kwa Kijaluo. Nilisikia jina la Dolphine mara nyingi, na neno Katoliki mara nyingi zaidi. Bila shaka mama anamwonya asimsogelee msichana wangu. Mama mwenye akili sana!

Ijumaa, 5 Agosti

Siku mbaya. Mbung'o wameniuma shingoni. Dolphine naye ameomba nimwonyeshe namna ya kushuka. Nikamwambia kushuka hufundishwa kivyake, mwaka wa pili.

Halafu nimeutazama ule mwamba vizuri. Ni mrefu kuliko nilivyodhani. Lakini nimepata ujanja! Kesho ni Sabato. Wote watakwenda kanisani, hata Dolphine, kwa heshima ya mwenyeji. Nitasema tumbo linaniuma. Wakiondoka, nitapanda peke yangu polepole na kuifunga kamba juu kwa siri. Jumapili nitaishika na kupaa kama moshi.

Nimeshamwambia Mama Filister habari za tumbo. Amenipa dawa ya mizizi, kikombe kizima, akasimama pale mpaka nikamaliza.

Sasa tumbo linaniuma kweli.

Jumamosi, 6 Agosti

Naandika nimelala kwa tumbo, maana upande wa nyuma haulaliki.

Walipoondoka tu, nilianza kupanda. Futi kumi, sawa. Futi ishirini, sawa. Kwenye futi thelathini kuna ukingo mwembamba kama rafu ya vitabu. Nikapanda juu yake, na njumu ya kulia ikanasa kwenye ufa. Nikavuta. Haikutoka. Nikatazama chini. Kosa kubwa!

Pimbi mmoja alitoka kwenye shimo lake, akakaa karibu na sikio langu, akanitazama. Nilimwomba aondoke. Hakuondoka.

Nikapiga kelele. Kanisa halikuwa mbali. Nilisikia kwaya ikisita, ikaendelea, ikasita tena. Mara nikawaona wanakuja wote, na nguo zao nyeupe na Biblia mikononi. Mama Filister alikuwa mbele. Akaniuliza kutoka chini tumbo linaendeleaje.

Maurice akaanza kufungua kamba za viatu aje kunisaidia. Mzee wa kanisa, Mzee Elijah, akamzuia kwa mkono. Alitaka kwanza ijulikane kama kumteremsha mtu ni kazi. Nikapaza sauti nikawakumbusha ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato, akatolewa.

"Karani," Mzee Elijah akanijibu kwa upole, "huyo ng'ombe alianguka. Wewe umepanda."

Wazee wakaketi kwenye majani kulijadili. Mmoja alisema kuvuta kamba ni kazi lakini kuilegeza si kazi. Mwingine akauliza, nani basi ataipeleka juu? Akina mama wakaniimbia ili nipate nguvu. Jua likapanda. Pimbi akalala.

Ndipo Dolphine akasimama. "Wazee wangu, mimi ni Mkatoliki. Sabato yangu ni kesho. Naomba ruhusa nimteremshe."

Sijawahi kuona watu wazima wakifurahi vile. Mzee Elijah alimpa mkono.

Alipanda pekupeku. Aliponifikia akachukua kamba begani kwangu, akaendelea mpaka juu, akaizungusha kwenye pembe la jiwe, akaniteremshia ncha. Nikajifunga chini ya makwapa. Mguu ulitoka. Njumu ikabaki. Watu mia moja wakaiona soksi yangu.

Nikaanza kushuka, naning'inia, nazunguka. Nikawaza: yuko juu ya mwamba, mimi nipo, kamba ipo. Mpango ni uleule!

"Dolphine! Utakubali?"

"Kukubali nini?"

"Nikuoe!"

Kamba ikasimama. Mama Filister akauliza kutoka chini nasema nini. Dolphine akamjibu kwamba nasema tumbo. Halafu akainama, akaongea taratibu ili nisikie mimi peke yangu.

"Bwana Cephas, hujui tumekuja hapa kwa ajili gani?"

"Likizo."

"Maurice amenileta nionwe na shangazi yake. Tunataka kuoana. Mama anakataa kwa sababu ya kanisa langu. Pole sana. Nilidhani amekuambia. Sasa shika kamba vizuri."

Nikashuka. Futi sita za mwisho zilikuja kwa haraka.

Dolphine naye alipofika chini, Mama Filister alimshika mikono yote miwili, iliyochubuka. Akamwita nyar Rangwe, binti wa Rangwe. Akawaambia wazee kwamba siku ambayo Wasabato wote wamefunga mikono, msichana huyu amefungua yake, na yeye hatamzuilia mlango kwa sababu ya rozari. Akapiga kigelegele. Maurice alilia waziwazi.

Mimi nilikaa nyuma ya ghala la mahindi kwa muda. Mama akaniuliza macho yana nini. Nikasema moshi. Hapakuwa na moto, ni Sabato. Aliniletea uji baridi wa jana.

Jumapili, 7 Agosti

Jogoo wawili wamechinjwa. Dolphine hajamwambia mtu yeyote nililosema kwenye kamba. Ni muungwana. Inauma zaidi.

Maurice ameniomba niwe msimamizi wake wa harusi, Desemba. Anadhani nilijinasisha makusudi ili shangazi aone moyo wa Dolphine. Alisema hana rafiki kama mimi. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Lakini Mzee Elijah akaniomba nitoe hotuba, nikaitoa. Nilieleza kwamba mpango ule nilikuwa nao tangu mwezi wa sita. Walipiga makofi. Nilipofika kwenye ugali nilikuwa nimeshaiamini hotuba hiyo mimi mwenyewe.

Jumatatu, 8 Agosti

Homa Bay. Nimeshuka na lori pale gatini. Binti mmoja anayeandika mizigo ya meli, jina lake Nyamoita, akaniuliza mikwaruzo hii nimeipata wapi. Nikasema kwenye kazi ya kuokoa watu. Akacheka vizuri sana. Akasema siku zote ametamani kuvuka ziwa kwenda kisiwa cha Mfangano.

Nikamwambia nimeendesha mashua tangu utotoni. Kwetu Kisii kuna mto. Unafika magotini.

Tunaondoka Jumapili, yeye, dada zake wawili na mama yao mzazi. Mashua nimeshaazima. Kesho nitamtafuta mtu wa kunionyesha mbele ya mashua ni upande gani.