Ushahidi wa Macho Yangu

Jumatatu, 8 Machi 2004

Bushra kaleta kompyuta! Hapa hapa mpakani Tunduma, ng'ambo ya barabara, mkabala na meza yangu. Miaka kumi na tisa nawachapia madereva wa malori fomu zao kwa taipureta, leo wamenipita kama hawanijui. Na Jumamosi Abdul, mwenye malori kumi na manne, anaamua karatasi zake zichapwe wapi. Akimchagua Bushra, nafunga meza, narudi Mbozi kuchuma kahawa ya shemeji. Siendi!

Nina mpango. Kompyuta inapofusha, kila mtu anasema. Kinachokosekana ni ushahidi. Nipimwe macho leo, yaonekane mazima. Niikodolee kompyuta siku tatu. Ijumaa nipimwe tena, yawe mabovu. Vyeti viwili mezani kwa Abdul. Kwisha habari yake!

Jioni. Nimepimwa. Zahanati kulikuwa na foleni, mlango wazi, kila mgonjwa anasoma kadi ya herufi kwa sauti. Zamu yangu ikafika nimeshazikariri zote. Bahati, maana kadi yenyewe niliiona kama imemwagikiwa uji. Mwanga wao hafifu. Daktari Anyitike akashangaa mzee wa miaka hamsini na mbili kuwa na macho ya kijana. Cheti safi!

Jumanne, 9

Asubuhi nimewatangazia madereva wote kwamba mashine za kuchapa zinaua macho. Kisha nikaenda kwa Bushra, nikamwambia nataka kujifunza. Akasema karibu, Mzee Sadoki, akanipa kiti chake. Kinazunguka! Nimezunguka mara tatu, kwa uchunguzi tu.

Halafu akaiwasha. Mungu wangu! Neno likikosewa unabonyeza, halipo. Halikuacha hata alama! Na mimi nimemaliza ndoo nzima za wino mweupe wa kufutia maisha haya. Nilikaa saa tano. Chakula nilisahau.

Jumatano, 10

Leo kanionyesha kukuza herufi. Jamani! A moja kubwa kama kikombe! Nimesoma ukurasa mzima bila kukunja uso, sijui mara ya mwisho ilikuwa lini. Machozi yakanitoka. Bushra akauliza kama naumwa. Nikamjibu hapana, ni vumbi la malori.

Alhamisi, 11

Saa saba nzima nimekaa mbele ya kioo cha kompyuta. Macho mekundu, yanawasha kama nimemenya gunia la vitunguu. Shingo haigeuki. Mgongo ndio usiseme. Safi sana! Bushra akanishauri nipepese, niinuke kidogo, nitazame mbali, hata malori ya kule Nakonde, upande wa Zambia. Ujanja huo, anataka kuniharibia ushahidi. Nimekataa kupepesa.

Dereva mmoja Mzambia kaniona natoka, kavua kofia, kaniita mukwai kwa heshima zote, kaniuliza nimefiwa na nani.

Ijumaa, 12

Zahanati. Leo sikukariri, nimesoma kwa uaminifu mkubwa. Sikuona kitu! Nilifurahi mno.

Anyitike akaweka vyeti viwili pamoja, akanitazama. Akasema hakuna macho yanayoharibika hivi kwa siku nne. Akauliza Jumatatu nilisomaje. Nikakohoa. Akasema kompyuta huyachosha macho na kuyakausha, shingo na mgongo navyo huuma, ukipumzika inapoa. Lakini haya yangu ni umri, na yameanza miaka mingi. Akanivalisha miwani.

Ee Mungu! Mistari ya kiganja changu! Kumbe sisimizi ana kiuno! Nyumbani nikamtazama Ketrina, mke wangu wa miaka ishirini na sita, nikamuuliza hicho kidoti cha kwenye nyusi kimeota lini. Akasema alizaliwa nacho. Nimekula nimenuniwa.

Kisha nikasoma nakala za kazi zangu za mwaka huu. Dereva Osea nimemwandika ana uzito wa tani thelathini. Lori lake nimeliandika limezaliwa Msangano. Ukurasa baada ya ukurasa. Kwa hiyo hawakukimbilia kompyuta, walinikimbia mimi. Imeniuma sana.

Jumamosi, 13

Abdul kaja. Nilikuwa mezani na miwani, nachapa vizuri kuliko miaka kumi iliyopita. Akaitazama miwani yangu, akauliza nimetumia taipureta miaka mingapi. Nikajibu kwa majivuno: kumi na tisa! Akatikisa kichwa, akasema madereva wake walimwambia mashine za kuchapa zinaua macho, ila hakujua ni hii. Akauliza, Bushra mbona havai miwani? Kazi kampa Bushra.

Mchana Bushra akavuka barabara. Karatasi ni nyingi, peke yake haziwezi. Akaniomba nikachape naye, kwa herufi kubwa nitakavyo. Kile kiti akasema kiwe changu. Nikaitikia kwa kichwa.

Jioni. Nimefikiri. Kazi ya Abdul bado inaweza kurudi mezani kwangu. Miwani nimeificha kabatini, imeshaniponza. Na mtu unakaaje kwenye kitu kinachozunguka kutwa? Kiti kile kinavunja uti wa mgongo, kila mtu anasema. Kinachokosekana ni ushahidi. Jumatatu, kabla ya kuripoti kwa Bushra, napitia zahanati nipimwe mgongo, uonekane mzima. Unauma tangu Alhamisi, lakini nitajikaza.