Fataki Zinalala Pakavu Kuliko Mwanangu

Kwa Mzee Yahaya,
Mwenyekiti wa Wavuvi,
Bwawa la Hombolo.

Ndugu Mwenyekiti, shikamoo.

Natumaini mguu wako unaendelea vizuri. Mimi ni mke wa Luka, yule unayemfundisha kupiga kasia ingawa amekulia kwenye ng'ombe na kuogelea hajui. Tangu uwagawie wavuvi zile fataki za kuombea msaada, zinazoruka juu zikawaka nyekundu, ukawaambia zisiguswe na unyevu, nyumbani kwangu hapakaliki. Nalalamika hivi:

1. Kopo langu la mlenda mkavu, lile la kifuniko cha kukaza, sasa ni la fataki. Mlenda umehamia mfukoni na umeota ukungu.

2. Fataki zimeviringishiwa nepi za Aneth za kitambaa. Baba yake anasema zinanyonya unyevu. Najua zinanyonya, ndiyo kazi yake. Mtoto anafungwa kanga yangu ya harusi.

3. Tarehe ya fataki kuisha nguvu anaijua kwa kichwa. Ya kliniki ya mtoto ananiuliza mimi.

4. Ulisema kopo lifungwe mwilini, lisiachwe kwenye mtumbwi. Basi hata nchi kavu analo kifuani, na Aneth akitaka kubebwa anaambiwa ana mkojo.

5. Jumapili kanisa zima tuliomba mvua. Yeye peke yake hakuitikia amina.

Kwa hiyo naomba kwa heshima kikundi kimpokee Aneth awe fataki. Akilowa ndipo anapofanya kazi, sauti yake inavuka bwawa, na hana tarehe ya kuisha. Akishakuwa kifaa cha dharura, labda naye atalazwa pakavu.

Nisalimie mama, wajukuu na wavuvi wote.

Mimi binti yako,
Emilia, Mama Aneth.

Nyongeza: Barua hii nilimpa Luka akuletee, akaitia humo humo kwenye kopo. Kabla hajakufikia, upepo ukapindua mtumbwi. Akaushikilia, akafungua kopo, na fataki ya kwanza tu ikawaka. Wenzake wakaiona, wakamfuata. Karatasi, kama unavyoiona, haina hata tone. Malalamiko yote nimeyafuta. Nepi zilizobaki nimezifua, zikikauka nitazileta kwa ajili ya fataki za wengine. Sasa hivi Aneth amelala kifuani pa baba yake. Amemkojolea, na baba mtu hajajisogeza.