Profesa na Kisahani cha Seli

Redio ya kinyozi ilitamka sentensi moja tu: watafiti wanajaribu maji ya majani fulani kwenye seli za saratani ya utumbo mpana. Profesa, ambaye alifukuzwa shule mara mbili, mara ya pili akiwa si mwanafunzi, akachomoka kitini na nusu ya nywele zake.

Alichohitaji ni karatasi yenye muhuri wa maabara. Akiwa nayo, matajiri wenye vitambi wangenunua hata maji ya kuoshea sufuria. Akaruka ukuta wa nyumba ya kwanza aliyoiona, akachuma majani, akayachemsha. Kisha akapanda pikipiki yake nyekundu, mali aliyoipata kwa jasho, la watu wengine, hadi maabara.

Mtafiti, mama wa makamo, alinusa chupa.

"Mwanangu, umeyatoa wapi majani haya?"

"Siri ya ukoo, mama. Babu aliniachia akikata roho."

"Basi tuyajaribu."

Akadondosha matone kwenye kisahani chenye seli. Kesho yake akamwinamisha Profesa kwenye hadubini.

"Sioni kinachocheza," Profesa alisema.

"Zimekufa zote. Haikubaki hata ya kupeleka taarifa za msiba."

Profesa akainama tena kuhakikisha. Maisha yake yote hakuwahi kusema uongo ukageuka kweli. Hakujua hata mikono aiweke wapi.

"Majani haya yamejaa uani kwangu," mama alisema taratibu. "Leo nafyeka."

"Usifyeke! Nakusihi, mama! Nipe yote, chukua chochote!"

Mama akachungulia dirishani. "Ile nyekundu ni yako?"

Kadi ya pikipiki ikasainiwa kabla chai haijapoa. Profesa akang'oa majani kutwa nzima, ua ukabaki unang'aa. Ndipo akapewa karatasi, na muhuri juu yake.

*Maji ya majani: seli zimekufa. Sabuni ya vyombo: zimekufa. Siki: zimekufa. Maji ya moto: zimekufa mapema zaidi.*

"Mama! Hii nini?"

"Utafiti. Kwenye kisahani karibu kila kitu kinaua, mwanangu. Kazi ni kuua saratani na kumwacha mwenye utumbo. Sisi mwaka wa saba huu tunahangaika."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona ukiruka ukuta wangu. Nikasema labda babu naye alipitia hapo hapo." Akavaa kofia ngumu, akawasha pikipiki. "Ua wa jirani yangu pia umejaa. Una kitu kingine cha kubadilishana?"

Profesa akatazama viatu vyake. Vilikuwa bado vizuri.